Mwenye nyumba Mkatoliki, na huruma inayoanzia kwenye hesabu

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mama wa watoto watatu. Nina nyumba mbili ninazopangisha, na benki imekubali kunikopesha ninunue ya tatu. Hivi karibuni mwenzangu mmoja parokiani aliniambia kwamba kuishi kwa pango ni kula jasho la wengine, na kwamba mwenye nyumba hawezi kuwa mtakatifu. Neno lile limenikaa moyoni. Tena nina mpangaji, baba wa familia, ambaye hajalipa kwa miezi mitatu. Nikimtazama yeye naingiwa na huruma, nikitazama marejesho ya benki naingiwa na hofu. Je, biashara hii ni halali mbele ya Mungu? Pango la haki ni lipi? Nimtoe huyu baba au nimwache? Na hiyo nyumba ya tatu, ninunue?

Jibu: Milele na milele, amina. Dada yangu, nianze na lile neno la mwenzako, kwa sababu mtu akishaamini kwamba kazi yake yote ni dhambi tangu mwanzo, huacha kujiuliza ni wapi hasa anapokosea. Kupangisha nyumba si dhambi. Mtakatifu Toma wa Akwino aliandika katika karne ya 13, wakati Kanisa likiikataza riba kwa ukali, na jibu lake kuhusu pango linapatikana palepale anapoikemea riba. Anasema kuna vitu ambavyo kuvitumia ni kuvimaliza, kama divai na ngano. Ukimpa mtu divai ainywe, huwezi kumdai bei ya divai na tena bei ya kuinywa, maana utakuwa umeuza kitu kimoja mara mbili. Nyumba haiko hivyo. Mtu hukaa ndani yake na nyumba ikabaki. Basi mwenye nyumba anaweza kushika umiliki, akamkabidhi mwingine matumizi, na akapokea malipo kwa matumizi hayo bila kumdhulumu mtu. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa mpangaji: kitabu cha Matendo ya Mitume kinamwacha akiwa Roma, amekaa miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga, akiwapokea wote waliomjia.

Hoja hiyo hiyo inayokuhalalishia pango inakubana pia, na wenye nyumba wengi hawafiki hapo. Kama ulichokiuza ni matumizi, basi umekiuza kweli. Muda wa mkataba ukiwa unaendelea, mlango ule si wako kuufungua upendavyo. Yule aliyemo ndani si mgeni uliyemstahi, yuko kwake. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inamwamuru mkopeshaji asiingie katika nyumba ya mdeni wake kuchukua rehani: asimame nje, na mdeni mwenyewe aitoe. Fikiria uzito wa amri hiyo. Mwenye deni hana kitu, lakini kizingiti chake bado kinaheshimiwa. Naye Yoshua bin Sira anapotaja mambo ya kwanza ya uhai, anataja maji, mkate, nguo, na nyumba ya kumsitiri mtu. Sitara ndiyo unayoiuza, dada. Mwenye nyumba anayeingia na ufunguo wake wa akiba bila taarifa, anayehoji wageni wa mpangaji, anayechungulia anachopika, amepokea malipo ya kitu ambacho hajakitoa.

Sasa tuje kwenye umiliki wenyewe. Kanisa limeitetea mali binafsi waziwazi tangu Papa Leo XIII alipoandika waraka wake *Rerum Novarum* mwaka 1891, lakini waraka huohuo unatenganisha mambo mawili: kuwa na mali kwa haki, na kuitumia mali kwa haki. Aliyejaliwa mali nyingi, anasema Leo, amezipokea ili zimfae yeye, na pia azitumie kwa ajili ya wengine akiwa wakili, yaani msimamizi, wa maongozi ya Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inarudia neno hilo la uwakili katika namba 2404. Papa Yohane Paulo II alikwenda mbele zaidi mwaka 1987 aliposema kwamba juu ya kila mali binafsi kuna rehani ya kijamii. Wewe unaijua rehani vizuri. Hati ya nyumba inaandikwa jina lako, lakini benki ina dai lake juu yake, na huwezi kuiuza wala kuibomoa kana kwamba dai hilo halipo. Ndivyo Papa anavyotaka uitazame hata nyumba uliyomaliza kuilipia: jina ni lako, na watu wote wana dai juu yake. Chanzo ni kauli ya Mungu mwenyewe katika Walawi 25: nchi ni yangu, ninyi ni wageni mnaokaa kwangu.

Mtu anaweza kusema hayo yanahusu mali yoyote, hata gari au hisa. Ni kweli, lakini nyumba ina uzito wake wa pekee. Papa Yohane XXIII, mwaka 1963, aliyaweka makazi kati ya haki za msingi za mtu, pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Hati ya Haki za Familia ambayo Vatikani iliitoa mwaka 1983 inasema familia ina haki ya makazi ya heshima, yanayolingana na idadi ya watu wake. Mwaka 1987, Umoja wa Mataifa ulipoutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa makazi kwa wasio na makazi, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati ambayo jina lake ni swali: umemfanyia nini ndugu yako asiye na makazi? Mwaka 2015 Papa Fransisko, akizungumza na watu wasio na makazi mjini Washington, alisema hakuna sababu yoyote ya kijamii au ya kimaadili inayoweza kuhalalisha ukosefu wa makazi. Kwa hiyo unayeuza matumizi ya nyumba unauza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukikosa. Anaweza kuahirisha kununua kiti. Hawezi kuahirisha kulala. Hilo linakupa nguvu juu yake hata kama hujaitafuta, na maadili yote ya biashara hii yamo katika namna unavyoishika nguvu hiyo.

Tuanze na bei, maana ndipo wengi wanapojidanganya. Nikimuuliza mwenye nyumba kama pango lake ni la haki, mara nyingi hunijibu: "Alikubali mwenyewe, akasaini." Kukubali hakutoshi. Leo XIII aliandika kuhusu ujira kwamba juu ya mapatano ya hiari kuna haki ya asili iliyo ya kale na kuu zaidi, na kwamba mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa kubanwa na shida au kwa kuogopa baya zaidi, hapo ametendewa kwa mabavu. Katekisimu, namba 2434, nayo inasema kukubaliana kwa pande mbili hakuhalalishi ujira wowote. Mafungu hayo yanahusu ujira, lakini sioni kwa nini hoja isivuke hadi kwenye pango. Shida inayomfanya mtu aukubali ujira mdogo ndiyo hiyo inayomfanya alikubali pango kubwa. Na namba 2409 inagusa bei moja kwa moja: kupandisha bei kwa kunufaika na kutojua kwa mwingine au dhiki yake ni kuvunja amri ya saba, yaani "Usiibe", hata kama sheria ya nchi haikukatazi.

Je, bei ya soko ndiyo bei ya haki? Ni mahali pazuri pa kuanzia. Toma wa Akwino anakubali kwamba bei ya haki haipimwi kwa nukta. Ni makadirio, na kupungua au kuzidi kidogo hakuharibu haki. Penye nyumba nyingi, wapangaji wenye uwezo wa kuchagua na taarifa za kweli, pango ambalo watu kwa jumla wanalitoa kwa nyumba ya namna ile huwa karibu na haki. Lakini Toma anaongeza jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue kwa moyo. Muuzaji anaweza kuweka katika bei hasara anayoipata yeye kwa kukiachia kitu chake. Hawezi kuweka faida ambayo mnunuzi anaipata kwa sababu ya hali yake mwenyewe mnunuzi, kwa kuwa hapo anauza kitu kisicho chake. Shida ya mpangaji si mali yako. Huwezi kuipangisha.

Chukua mifano miwili. Mafuriko yamebomoa mtaa, watu mia wanatafuta vyumba kwa wiki moja, na wewe unacho kimoja kitupu. Gharama yako haijapanda hata senti. Ukiongeza pango mara mbili, kile unachotoza ni mafuriko. Huo ni rahisi kuuona. Wa pili umejificha zaidi. Mpangaji amekaa kwako miaka sita, watoto wake wamezoea shule ya jirani, mama yake mgonjwa anatibiwa karibu. Unajua kuhama kutamgharimu sana, basi kila mwaka unaongeza kidogo, ukipita kile ambacho ungemtoza mgeni anayeingia leo. Yeye anameza, kwa sababu kuhama ni kubaya zaidi. Hakuna mtu atakayekushtaki. Lakini ile nyongeza inayozidi pango la kawaida umeitoa kwenye mizizi ya familia ile, na katika haki mpangaji aliyelipa kwa uaminifu na kuitunza nyumba miaka sita alistahili afadhali kuliko mgeni, maana amekuokoa gharama za miezi mitupu, za dalali na za kupaka rangi upya.

Kwa hiyo ukipanga pango, andika mambo matatu kwenye karatasi: gharama zako za kweli pamoja na malipo ya haki kwa mtaji na kazi yako, pango la kawaida kwa nyumba za aina hiyo, na uwezo wa watu ambao nyumba ile inawafaa. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba makazi yasimeze zaidi ya karibu asilimia 30 ya kipato cha kaya. Hicho si sheria ya Kanisa, ila ni taa nzuri. Ukiona nyumba yako inawafaa watu wa kipato fulani lakini pango lake linawaachia nusu tu ya mshahara wao, rudi kwenye karatasi ile uangalie kama kuna unachoweza kupunguza.

Kuhusu hali ya nyumba sina maneno mengi, kwa kuwa Maandiko yako wazi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukuta wa kuzuia kandokando ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Waya zilizochubuka, ngazi isiyo na mshikio, jiko linalotoa moshi ndani ya chumba kisicho na dirisha: hizo ndizo dari zako. Kasoro za hatari zirekebishwe kabla mtu hajaingia. Wala usiseme "hakuuliza." Toma, akieleza kasoro ambazo muuzaji lazima azitaje, anatoa mfano wa mtu anayeuza nyumba inayokaribia kuanguka kana kwamba ni imara. Unyevu unaorudi kila masika ukipigwa chokaa juu yake wiki ya kuonyesha nyumba ni udanganyifu wa namna hiyohiyo.

Amana nayo si pato. Ile fedha anayoweka mpangaji anapoingia ni yake, wewe umeshikishwa tu. Iweke kando na fedha zako za matumizi, piga picha za nyumba siku anapoingia mkiwa pamoja, na siku anapotoka mrudishie yote isipokuwa gharama ya uharibifu wa kweli. Rangi iliyofifia na zulia lililochakaa kwa kukanyagwa ni uchakavu wa kawaida, na huo ulishalipwa katika pango. Nimeona watu wanaokwenda Misa kila siku wakila amana bila dhamiri kuwasuta, kwa sababu tu kila mtu anafanya hivyo. Kama uliwahi kuzuia amana bila haki, Katekisimu inasema fidia ya udhalimu ni kukirudisha kilichochukuliwa kwa mwenyewe. Kuungama peke yake hakumalizi. Zakayo alirudisha mara nne.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Lipa kodi ya serikali kwa mapato ya nyumba zako. Kuikwepa kumetajwa katika orodha ileile ya amri ya saba. Mlipe fundi na mfagiaji kwa wakati. Ukimtumia dalali au msimamizi, ukatili anaoutenda kwa jina lako ni wako kama ulijua, na ni wako pia kama hukutaka kujua. Usimnyime mtu nyumba kwa ajili ya kabila, rangi au dini yake, wala usizikatae familia kwa kuwa zina watoto wengi. Kanisa linaloomba ndoa zipokee watoto haliwezi kuwa na waamini wanaozifungia milango. Kumpangishia mtu ambaye maisha yake hayafuati mafundisho ya Kanisa si kushiriki dhambi yake, maana umempa mahali pa kuishi, na mahali pa kuishi ni haki yake. Kumpangishia mtu ambaye unajua wazi anataka kuifanya nyumba kuwa mahali pa kuuzia watu au dawa za kulevya ni jambo jingine. Hapo nyumba yenyewe ndiyo chombo cha uovu, na jibu lako liwe hapana.

Sasa huyu baba wa miezi mitatu. Deni lake ni deni, na sitaki ufikiri kwamba imani inalifuta. Haki ya mabadilishano, yaani kila mmoja kumpa mwenzake kile walichopatana, inawafunga nyote wawili: mpangaji mwenye uwezo wa kulipa ambaye halipi anaichukua mali yako, na kumvumilia bila kikomo kunaweza kuwa ni kumsaidia aendelee kudhulumu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama hawezi au hataki, na hilo huwezi kulijua kwa kusikia kwa majirani. Zungumza naye, mwulize kuhusu kazi, afya na madeni mengine. Mtu anayeona aibu hukwepa, na anayekwepa huonekana kama mjanja, hata pale ambapo hana chochote.

Ukikuta hataki, fuata sheria ya nchi bila hatia moyoni. Mpe notisi kwa maandishi, na ukilazimika nenda mbele ya vyombo vinavyohusika. Ukikuta hawezi, kuna njia nyingi kabla ya kumtoa. Andikianeni mpango wa kulipa deni kidogokidogo juu ya pango la kila mwezi. Punguza pango kwa miezi michache kama ana tarajio la kweli la kipato. Kama nyumba imemzidi uwezo, mwachie atoke kwenye mkataba kabla ya muda bila faini ahamie ndogo. Msamehe sehemu ya deni, na umwambie wazi kiasi ulichosamehe, ili asikae na hofu ya kudaiwa baadaye. Zungumza na paroko, kwa ruhusa ya mpangaji mwenyewe. Chama cha Mtakatifu Vincent de Paul, ambacho Frédéric Ozanam na wenzake walikianzisha Paris mwaka 1833, kazi yake tangu mwanzo ni kuzitembelea familia zenye shida majumbani, na familia inayokaribia kupoteza paa ni ya kwanza kuhitaji ziara hiyo. Mzigo huu si wako peke yako. Jumuiya nzima ya waamini ina sehemu yake.

Na ikifika mahali ambapo lazima atoke, namna anavyotoka ni jambo la imani kamili. Usikate maji wala umeme, usibadili kufuli akiwa kazini, usitoe vitu nje mbele ya watoto. Kutoka 22 inasema ukichukua vazi la jirani yako kuwa rehani, mrudishie kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo funiko lake pekee, atalalia nini? Basi usimzuilie godoro, vyombo vya kazi, vyeti vya shule vya watoto wala dawa. Mpe muda wa kweli wa kutafuta mahali. Kama mkewe anakaribia kujifungua, au watoto wako katikati ya mitihani, au kuna mgonjwa kitandani, subiri. Nabii Mika aliwakemea waliowafukuza wanawake wa taifa lake kutoka nyumba zao walizozipenda, wakawanyang'anya watoto wao utukufu wa Mungu. Kuna pia hali ya mwisho kabisa, ambapo kumtoa mtu ni kumweka katika hatari ya uhai. Mapokeo ya Kanisa yanafundisha kwamba katika shida ya kufa na kupona mali ya dunia inarudi kuwa ya wote, na hapo kumwacha akae mpaka msaada upatikane si hisani tena.

Unasema ukitazama marejesho ya benki unaingiwa na hofu. Ninaamini hapo ndipo penye kiini cha swali lako lote. Wenye nyumba wengi wanaomtoa mpangaji mgonjwa si watu wabaya. Walishamtoa siku walipotia saini mkopo uliobana kiasi kwamba mwezi mmoja bila pango unaleta barua kutoka benki. Huruma yao iliuzwa kabla hawajakutana na mpangaji.

Tufanye hesabu. Chukua pango la mwezi kuwa 100. Marejesho ya mkopo yawe 60. Tenga 10 kwa matengenezo, 10 kwa kodi ya serikali na bima, na 8 kwa ajili ya mwezi mmoja mtupu kila mwaka. Inabaki 12 kwa mwezi, yaani 144 kwa mwaka. Mwenye hesabu hiyo anaweza kumvumilia mpangaji mwezi mmoja na karibu nusu, juu ya ule mwezi mtupu alioutarajia, na asianguke. Sasa acha kila kitu kama kilivyo, ila marejesho yawe 80. Jumla ya matumizi ni 108. Mtu huyu anapata hasara hata kama kila mpangaji analipa kwa wakati, na njia zake za kupona ni tatu tu: apandishe pango, aache matengenezo, au asimvumilie mtu. Zote tatu zinampitia mpangaji. Watu hao wawili wanaweza kuwa na moyo uleule na kusali rozari ileile, lakini mmoja amejipa nafasi ya kuwa mwema na mwingine amejinyima.

Ndiyo maana nasema huruma iwekwe kwenye hesabu kabla ya kununua. Iandikie fungu lake, kama unavyoandika bima: katika mfano wetu, 4 kati ya zile 12. Kwa mwaka ni 48, karibu nusu ya pango la mwezi mmoja kwa kila nyumba. Miaka mitatu ikipita bila shida, una miezi karibu mmoja na nusu mkononi, fedha ambayo hukuitegemea kwa chakula wala ada. Mpangaji akipata ajali, hutafuti huruma moyoni wakati umeogopa, unaifungua akaunti.

Hata hisani kubwa kabisa za Kikatoliki zimedumu kwa njia hiyo. Mjini Augsburg, Ujerumani, kuna mtaa uitwao Fuggerei, ambao tajiri Jakob Fugger aliuanzisha kwa ajili ya Wakatoliki wahitaji wa mji wake; hati ya msingi wake ni ya mwaka 1521. Pango la mwaka lilikuwa gulden moja, sarafu ya wakati ule, na mpaka leo halijapandishwa: ni euro 0.88 kwa mwaka, pamoja na ahadi ya kusali kila siku Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki kwa ajili ya mwanzilishi na familia yake. Mtaa huo ungekuwa umekufa zamani kama ungetegemea moyo mwema pekee. Umesimama kwa sababu waanzilishi waliuwekea mali inayouendesha, na leo sehemu kubwa ya gharama inatoka kwenye misitu ya wakfu wao. Sikuambii utoze euro 0.88. Nakuonyesha kwamba wema wao uliandikiwa fedha tangu siku ya kwanza.

Kinachobaki baada ya hayo yote, yaani faida, ni halali. Kanisa halijawahi kukuomba uone aibu nayo. Leo XIII anasema mtu akishatimiza mahitaji yake na yale yanayostahili hali yake, kuwapa wahitaji kutoka kwenye ziada ni wajibu wa upendo wa Kikristo. Na Papa Pius XI, mwaka 1931, alisema kutumia kipato kikubwa ili watu wapate kazi nyingi ni tendo bora la fadhila ya ukarimu. Kwa hiyo kuwekeza tena si ubahili. Swali ni kwamba uwekezaji wako unaongeza nini duniani.

Hapo ndipo penye nyumba yako ya tatu. Isaya 5:8 inawatamkia ole wanaounga nyumba na nyumba mpaka pasiwepo nafasi. Yohane Paulo II aliandika mwaka 1991 kwamba kuamua kuwekeza hapa badala ya pale daima ni uamuzi wa kimaadili. Kununua nyumba nzuri kwa kumshinda bei mwalimu kijana anayetafuta ya kwanza ya kuishi, kisha kumpangishia huyohuyo, ni halali kisheria, lakini makazi hayajaongezeka hata moja. Kujenga palipokuwa patupu, au kununua nyumba iliyoachwa na kuirudisha kwenye uhai, kunaongeza. Kununua na kuiacha tupu ukisubiri bei ipande, wakati watu wanatafuta pa kulala, siwezi kukutetea.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba mkopo huu usiusaini sasa. Peleka kwanza hesabu za nyumba mbili ulizo nazo mahali ambapo miezi mitatu ya baba mmoja haikunyimi usingizi. Kama inawezekana, iombe benki irefushe muda wa marejesho, hata kama riba ya jumla itaongezeka kidogo. Ukifika hapo, tafuta nyumba ya tatu iliyo chakavu ambayo unaweza kuitengeneza, kwa mkopo usiozidi kile kipimo cha 60 katika 100. Benki itakuambia unaweza kubeba zaidi. Benki inapima kama utalipa. Haipimi ni nani atakayeumia ili ulipe.

Na kabla ya hayo yote, wiki hii, mwone yule baba. Mtumie ujumbe siku mbili mapema umwulize ni saa ngapi inamfaa, nenda na daftari la malipo, na umwachie aongee kwanza. Ukishajua hali yake, niandikie tena, tupange pamoja hilo deni lilipwe vipi na lipi lisamehewe.